Vidonge Nyuma ya Kihenge

Kwa mara ya tatu tangu pamba ipandwe, Ngassa aliegesha pikipiki yake uani kwa Mama Winnie, kule Nkololo, na kwa mara ya tatu moyo ukamshuka. Mbwa alikuwa amerudi kule kule: tumbo jekundu, makwapa yanavuja maji, mgongo umepukutika manyoya kama shuka lililoliwa na mchwa. Jina lake Walimwengu. Alikuwa mbwa wa marehemu Machibya, mume wa mama huyo, na maradhi ya ngozi yalimwanza wiki ya pili baada ya mazishi.

"Mwangaluka, mayu," alisalimia Ngassa kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka, baba. Usinitazame hivyo, dawa nampa."

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Hata siku asipojikuna?"

"Hata Jumapili kabla ya misa. Au unataka padri aje ashuhudie?"

Ngassa alicheka kidogo, lakini kicheko hakikufika moyoni. Katika miaka yake ya ubwana mifugo alikuwa ameona mengi. Wapo waliomwagia mbwa dawa ya pamba wakidhani mdudu ni mdudu. Wapo waliokatiza tiba mara tu kidonda kilipokauka. Ndiyo maana alikuwa amemweleza mama huyu pole pole: ugonjwa huu hauponi ukaisha, unatulizwa tu; kidonge kila siku, kuogeshwa kwa dawa mara mbili kwa wiki, mwaka mzima na zaidi, hata manyoya yakishaota. Sasa vidonda vilikuwa vimefika pembeni mwa macho. Ikiwa mwezi huu nao ungepita bure, ingebaki sindano moja tu ya kumchoma mbwa yule, nayo haikuwa ya kuponya.

Alizunguka nyuma ya kihenge kuangalia mahali mbwa anapolala. Hapo ndipo alipoviona. Vidonge vyeupe, zaidi ya ishirini, vingine vimeyeyuka na umande, kimoja bado kina ute, vyote vimelala mahali pamoja chini ya ukuta. Hasira ilimpanda. Aliviokota akarudi navyo kiganjani.

"Mama Winnie, hivi umevitupa kwa nini?"

Mama alitazama kile kiganja, kisha akakaa chini polepole.

"Umeviokota wapi?"

"Nyuma ya kihenge."

"Sijatupa mimi." Alinyoosha kidole kuelekea kihenge. "Pale ndipo Machibya alipokuwa akitema vyake. Vidonge vya presha, ile ile iliyomwondoa. Akijisikia nafuu anaficha kidonge chini ya ulimi, anakwenda pale, anatema. Niliviona nilipofagia baada ya msiba. Sikumwambia mtu."

Ngassa alijua vizuri kwamba mbwa anaweza kula ugali akaacha kidonge, akaenda kukitema popote. Hilo amelisoma, na amelifundisha. Lakini ua ule ulikuwa mpana, na mahali pa kutemea palikuwa pengi. Vinyweleo vya mikono vilimsimama, jua likiwa limewaka.

"Unampaje dawa?"

"Ndani ya tonge. Naliweka kwenye sahani yake."

"Sahani ya nani?"

"Ya marehemu."

"Halafu?"

"Naondoka. Mwanamume hatazamwi akila."

Walimwengu alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, kichwa kimeinama upande, kama mzee anayesikia akisemwa.

"Mayu," Ngassa alisema kwa sauti ya chini, "itabidi umfungue mdomo kwa mkono wako. Kidonge kiende nyuma kabisa ya ulimi, umfumbe, umpapase koo. Usiondoke mpaka ameze."

"Nimshike taya? Yeye?"

"Ndiyo."

"Miaka thelathini na moja sijawahi hata kumkatiza maneno!"

"Ndiyo maana alikuwa anatema."

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Mama Winnie alimkazia macho. Kisha akainuka, akajifunga khanga kiunoni, akachukua kidonge kipya na kupiga magoti mbele ya mbwa.

"Baba Winnie, fungua."

Mbwa aligeuza uso.

"Nimesema fungua! Ulinidanganya mara moja, inatosha."

Alimkamata taya, akaingiza vidole. Mbwa alitoa mguno, na mguno ule ulikuwa wa mzee aliyechoka anayeamshwa bila kutaka. Ngassa alijikuta anatazama viatu vyake. Mama hakuachia. Alipapasa koo, akangoja, akapapasa tena, machozi yakimdondokea mbwa kichwani. Hatimaye koo likacheza. Hata hapo hakuridhika. Alimfungua mdomo upya, akainua ulimi, akachungulia chini yake.

"Amemeza," alisema.

"Amemeza, mayu."

"Na hivi ni kila siku?"

"Kila siku. Mwaka huu, na baada ya mwaka huu."

Alimfuta mbwa mate kwa pindo la khanga, taratibu, bila kuona haya.

"Vizuri," alisema. "Safari hii haendi popote."