Risasi Alizopewa Mgeni

Mie Mwadini nakaa Ilford, huku ughaibuni, na mama yangu, na kabla hamjanicheka, nisikilizeni kwanza. Kilabu chetu cha kulenga shabaha kilibakiza nafasi moja tu kwenye timu ya mashindano, na nafasi hiyo niliitaka kufa na kupona. Aliyenizibia ni Lambert, Mkongo wa Thornton Heath, mlengaji hodari na, kwa bahati yangu mbaya, mtu mwema.

Kilabuni tunajaza risasi wenyewe, na ubishi hauishi juu ya vichwa, zile ncha zinazoruka: utie vya mashindano, vyenye bei ya kukufuru, au vile vya kuulia wanyama waharibifu mashambani? Nikavijaribu vyote, uzito mmoja. Wallahi, vya mashambani vilipiga tundu juu ya tundu; vya mashindano vikatawanyika ovyo. Bunduki ndiyo inayochagua, bwana. Basi nikawatangazia wote, Lambert naye akinisikiliza, kwamba vya mashambani ni takataka, mtu mwenye heshima zake havitumii. Bunduki yake na yangu ni aina moja, kwa nini nimsomeshe?

Tatizo lilikuwa mama. Boksi la vile vya mashambani lilikuwa na picha ya nguruwe mwitu, akasema hilo halilali katika nyumba anayoswalia. Kubishana na mama ni kujichosha. Nikavimimina vichwa vyangu katika boksi la mashindano, jeusi lenye maandishi ya dhahabu, na vya mashindano nikavitia kwenye mkebe wa biskuti uliobonyea. Kwa macho vinafanana.

Ijumaa, kesho yake ndio mchujo, Lambert alikuja kuomba vichwa vichache, kaishiwa. Mie niko msikitini. Mama akamlisha, akamnywesha chai, kisha akafungua kabati. Mgeni atampa mkebe uliobonyea? Niliporudi nikamkuta mlangoni anaaga, boksi la dhahabu mkononi.

Ningesema nini? Kumpokonya mgeni mbele ya mama yangu ni kutafuta radhi mbaya. Na kumwambia ndani mna nini ni kukiri kuwa nimewadanganya kilabu kizima. Nikamtakia safari njema, roho inaniuma.

Jumamosi nililenga na vya kwenye mkebe. Tundu zangu zilikaa kama mtama uliorushiwa kuku. Lambert akaichukua nafasi, na mie nikampa mkono huku natabasamu kwa meno tu.

Jumapili akaja tena Ilford, na boksi jipya, la mashindano ya kweli.

“Kaka Mwadini, ulisema kweli, hivi ndivyo vyenyewe,” akaniambia. “Ulinipa vizuri ukabaki na vibovu, ukaikosa nafasi kwa ajili yangu. Kilabuni nimewaeleza wote.”

Mama machozi yakamlengalenga. Akanishika mkono, akasema, “Leo nimejua kuwa nimezaa.”