Ameachwa Mlangoni

Tangu kiharusi kimwangushe, mwalimu wa kwaya alibakiwa na "mm" tu kinywani. Maneno mengine yote yalimpotea, hata jina la mkewe. Mkewe, fundi cherehani, akaisogeza mashine yake kando ya kitanda, akawa anashona huku sikio liko kwake. Mm ya kupanda ni kiu. Mm fupi ya kukatika, funga dirisha. Ile ndefu ya kuyumba ilikuwa ya uchokozi: kaona kola imekaa upande.

Jumamosi asubuhi akaingia mdogo wa mgonjwa, dereva wa lori.

"Shemeji, nimekuja kumchukua kaka. Kwangu wapo vijana wa kumbeba. Wewe mashine hiyo na mgonjwa huyu vitakuua."

"Nimekulalamikia?"

"Hujalalamika. Macho ninayo."

Fundi akainamia kitambaa. Wiki iliyopita walianguka wote wawili kati ya kitanda na kiti, wala hakumwambia mtu.

Dereva akamwinamia mgonjwa. "Kaka, twende kwangu, eh? Twende?"

"Mmmm."

"Umesikia? Kakubali! Ngoja nitandike godoro garini."

"Subiri. Hajamaliza."

"Hajamaliza nini, shemeji? Mtu hana hata neno moja!"

Fundi alikuwa ameimba sauti ya pili miaka ishirini na sita, na mwalimu alikuwa na mchezo wake. Akitaka kujua nani kasinzia, aliukata wimbo kwenye ti, noti moja kabla ya do inayofunga wimbo, akakunja mikono. "Mmeniacha mlangoni," alisema. "Nani ananiingiza ndani?" Nayo mm hii ilipanda ikasimama palepale, kwenye ti. Ilikuwa nje bado.

Ila moyo ulimsuta. Je, kama anasikia anachotaka kusikia? Akamwomba Mungu kimyakimya amwondolee hila, kisha akauliza kwa sauti kavu, kama anayesoma vipimo vya suruali, asije akamwelekeza mgonjwa.

"Uende kwake?"

"Mmmm." Ti. Ikaning'inia.

"Ubaki hapa?"

Mumewe akamtazama kitambo. Mm ikaanza kwenye ti, ikatetemeka, ikapanda kidogo tu, ikatua kwenye do. Ikakaa.

Dereva, aliyeimba besi kwenye kwaya ya kaka yake kabla ya kushika usukani, akaketi taratibu ukingoni mwa kitanda.

"Kaingia ndani," akasema.

Ili asilie, akaitafuta ile do kwa chini, akaivuta kwa besi yake. Ikatoka imelegea, chini ya noti.

"Mm-mm!" mgonjwa akakemea, kwa kero ileile ya kila siku ya mazoezi.

"Kha! Hata kitandani bado ananionea!" Dereva akacheka, machozi yakamshuka hivyo hivyo.

Fundi akaona asifiche tena. "Shemeji, kumbeba siwezi. Wiki iliyopita nilianguka naye."

"Na ulikuwa unangoja nini kuniambia?"

"Nilijua utamchukua."

Dereva akamfuta kaka yake mate kwa ncha ya shati lake. "Basi nitakuja mimi kila asubuhi, nimwogeshe kabla ya safari. Sawa, kaka?"

Wote wawili wakatega sikio. Mara hii mwalimu hakuwachelewesha mlangoni.