Herufi za Kifalme Uwanjani Tinde

Nelly hakutulia tangu asubuhi. Alilifunga bango kwenye nguzo mbili pembeni mwa uwanja wa Tinde, akalifungua, akalifunga tena. Baba yake, manju Bujiku, mwimbishaji wa ngoma, alikuwa anaanika ngoma juani ngozi ikaze, wala hakumtazama.

Mwaka jana mzee alishindwa hapa hapa, na mwaka juzi pia. Mashindano ya ngoma za Kisukuma hayana huruma: makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na mwenye watazamaji wengi ndiye mshindi. Wapinzani walikuwa wanacheza na chatu. Sasa utashindana vipi na chatu? Mzee alishasema akishindwa safari hii ngoma anaitundika darini, basi. Nelly aliogopa, maana bila ngoma baba yake angebaki mtu wa kuota jua tu.

Kwa hiyo alifanya anachokijua. Dukani kwake Nyahanga, anakochapa fulana na kadi za harusi, alikuwa na herufi anazozipenda kuliko zote: za kale za Ulaya, za enzi za wafalme na mapanga, nene, zenye pembe na mikia. Wateja waliziita herufi za kifalme. Vinyozi walizitaka, wachimbaji wa dhahabu walizitaka kwenye fulana za duara lao, shimo wanalochimba. Za bango la baba alizifanya kubwa, rangi ya dhahabu.

Ngoma zilipolia, watu walimiminika kwa chatu. Kisha mmoja akaliona bango, akasogea, akainamisha kichwa.

"Hii ni B kweli?"

"B wapi? Hilo geti la kanisa," mwenzake akabisha.

Wakaja wengine kuamua. Ubishi ukanoga, umati ukajaa, kwa chatu kukaanza kupwaya. Nelly alifurahi mpaka akataka kucheka peke yake.

Ndipo akamwona baba yake. Jasho linamtiririka, anaimba, na watu wote wamempa mgongo.

Nelly aliona aibu. Akiliacha bango, mzee atashinda. Waamuzi hutazama wingi wa vichwa, hawajali vimeelekea wapi. Alichukua wembe akakata kamba.

"Dada, hatujamaliza kusoma," mtu alilalamika.

"Yamekwisha. Geukeni mumsikilize mzee."

Wengi walirudi kwa chatu, na roho ilimuuma. Waliobaki waligeuka. Mzee alipoziona nyuso, sauti ilimrudia. Akawaimba wapinzani, kwamba nyoka wao anakula kuku, wao wenyewe wanalalia mlenda. Watu wakavunjika mbavu, wakaitana.

Hata hivyo chatu alishinda.

Jioni, wakifunga mizigo, mzee alilikunjua lile bango.

"Ng'wana wane, mwanangu, ulikuwa umeandika nini hapa?"

"Jina lako, baba."

Mzee aliligeuza juu chini, akaligeuza tena. Kisha akaifunika nalo ngoma yake, akaikaza kamba vizuri isiingie vumbi.

"Mwakani," alisema, "tumia herufi zile za darasa la kwanza."