Kibao cha Alois

Evodi hakumpenda Kasimiri, na Kasimiri hakuficha kwamba naye hamtaki. Tangu Evodi, fundi wa umeme wa mgodi pale Mpanda, alipobuni ule ubao wa kulabu kwa ajili ya siku za dhoruba, Kasimiri, mtia mafuta wa mitambo, hakuacha kuukejeli.

"Umetujengea bucha, fundi? Nyama iko wapi?"

"Cheka tu. Anayekwenda kwenye nguzo anazima swichi, anatundika kibao chake chenye jina hapa juu yake. Akirudi anakiondoa mwenyewe. Kibao kikiwepo, swichi haiguswi. Na mwingine asikiguse! Umesikia wewe?"

"Nimesikia, bwana ubao."

Mwezi wa tatu mvua ikaja na upepo wa kichaa, ukakata waya wa kwenda kwenye pampu. Alois, mdogo wake Evodi, akazima swichi, akatundika kibao chake, akatoka na ngazi kwenda kuuunga. Chini mgodini walikuwemo watu, na maji yanapanda.

Sasa, Alois na Kasimiri walikuwa watani, utani wa tangu mababu, ule wa mtu kukunyang'anya kofia, hata kuku wako, nawe huna ruhusa ya kununa. Kasimiri akapita na kopo lake la mafuta, akakiona kibao, akakitia mfukoni.

"Leo mtani wangu atakigomboa kwa jogoo!"

Akaenda zake nyuma ya mitambo anachekelea peke yake. Mpumbavu mkubwa!

Evodi akaingia mbio, ameloa chapachapa. Nje msimamizi anapiga kelele kuwa maji yamewafika watu kifuani. Evodi akatazama kulabu. Tupu. Moyo ukamtulia, mdogo wake kesharudi. Akaiwasha swichi kwa mkono wake mwenyewe.

Watu wa mgodini walitoka wote wazima. Alois walimshusha kwenye nguzo kwa kamba.

Msibani, watani ndio hufanya vituko ili wafiwa wacheke kidogo. Kasimiri alikuja, hakuweza hata kimoja. Alisimama kando ya kaburi analia, kibao kiganjani.

"Kaka, nipige. Nifanye utakavyo."

Evodi alimchukia. Lakini mkono uliowasha ulikuwa wake, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

"Kitundike msalabani," alisema. "Na mtu asikiguse. Atakiondoa mwenyewe akirudi."