Jibu la Besi

Mwaka ule wa 1968 Peres alitaka jambo moja tu: kanisa jipya la mawe la Kabiria lifunguliwe na kwaya moja, si mbili. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya. Kwa miaka minne alikuwa ameiunga kama alivyounga nguo kwenye cherehani yake, kipande cha Wajaluo na Waluhya waliohamia kutoka magharibi ya nchi na kipande cha Wakikuyu wenyeji, mpaka mshono ukawa hauonekani. Sasa ulikuwa unafumuka kwa sababu ya maneno mawili.

Wimbo wa ufunguzi kila mtu aliupenda. Waliotoka magharibi waliuimba harusini na matangani. Wenyeji waliujua tangu shule ya misheni. Tatizo lilikuwa mwishoni. Sauti ya kwanza inapopanda na kutulia kule juu, mabesi wa magharibi huyarudia maneno mawili ya mwisho kwa chini, kama mtu anayeitikia hodi. Wenyeji hawakuwa na jibu hilo.

"Kwa kitabu yetu haiko," alisema Mzee Wainaina, mzee wa kanisa na besi wa wenyeji, ambaye nusu ya wanakwaya wenzake walikuwa wapangaji wake. "Mmeiongeza huko kwenu ziwani. Wimbo mzuri, halafu mnaupigia kelele."

"Kelele?" Dalmas, mume wa Peres, alisimama. Alikuwa besi. "Mzee, hiyo ndiyo nyama ya wimbo. Nyinyi mnakula ugali mkavu."

"Basi kuleni nyama yenu kwenye kwaya yenu wenyewe."

Peres aliwaambia waende nyumbani.

Jumamosi iliyofuata Dalmas alikuja mazoezini akitabasamu. Alikuwa mpishi wa injinia mmoja Mzungu, mtaa wa Kitisuru.

"Wimbo si wenu wala si wetu," alisema. "Ni wa Weilzi."

"Weilzi ni nani?" aliuliza Wainaina.

"Si mtu, mzee. Ni nchi, jirani ya Uingereza. Injinia alizaliwa huko. Anasema aliyeutunga alikuwa karani wa mgodi wa makaa ya mawe. Wachimbaji wakauchukua, wakaupeleka kila mahali. Hata kwa mpira wanauimba."

"Kwa mpira!" Wangeci, mke wa Wainaina, alishika shavu. "Na jibu wanalo?"

"Wanalo! Nilikuwa nakaanga viazi nikiimba, bwana akaingia jikoni akanijibu kwa besi. Viazi vikaungua, na hakuuliza."

Wainaina alitikisa kichwa. "Weilzi ndio watatuamulia? Sisi tumeimba bila jibu miaka thelathini, na Mungu hajalalamika."

Peres hakuona kosa katika maneno hayo. Wimbo ulikuwa umefika kwa njia mbili, na kila njia ilikuwa na watu wake.

"Leo tuimbe kama mzee anavyotaka," alisema.

Dalmas alimtazama mkewe kana kwamba amemuuzia mbuzi wake bila kumwambia. Lakini alitii.

Kwaya iliimba kwa Kiswahili, ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sauti ya kwanza ikapanda, ikatulia kule juu. Mabesi wa magharibi wakafumba midomo. Ndipo katika pengo lile sauti moja nzito ikatoka, ikajibu maneno mawili, safi kabisa, kwa Kijaluo.

Wanakwaya waligeuka kutazamana.

"Nani huyo?" aliuliza Peres.

"Baba Mungai," Wangeci alisema polepole, akimgeukia mumewe, "ni wewe."

"Mimi?"

"Na kwa Kijaluo!"

Kwaya iliangua kicheko. Dalmas alicheka mpaka akakaa chini.

"Mnaimba kwa vyumba vya ploti yangu kila jioni," alisema Wainaina, "na kuta ni za mabati. Mnataka niwekee masikio kufuli?"

"Sasa mzee, tuliache jibu?" aliuliza Peres kwa upole.

Wainaina alimgeukia Peres. "Nilichelewa kidogo kuingia. Mama Oloo, hebu rudisha hapo nyuma."

Siku ya ufunguzi jibu lilitoka kwa Kikuyu, Kijaluo, Kiluhya na Kiswahili kwa pamoja. Peres alishusha mikono kuumaliza wimbo, lakini waumini waliurudia mwisho ule mara ya pili, na ya tatu. Basi akaiacha mikono ipumzike, akawasikiliza. Besi ya Wainaina ilikuwa imetangulia zote.