Kidole cha Malkia

Shangazi yangu amewapindua wafalme na malkia kumi na wanane, na hakuna askari aliyewahi kuja kumkamata. Mafundi wenzake walimwita Mama Pindua, kwa sababu kila picha ya kale aliyopewa kuinakili kwa mkono aliigeuza kichwa chini kwanza, taji likaelekea sakafuni, ndipo akashika brashi. Wageni walicheka. Yeye alisema ukimtazama mfalme usoni utaanza kumwogopa au kumwonea huruma, na vyote viwili vinaharibu kazi.

"Usichore malkia," alikuwa akiniambia. "Chora unachokiona. Malkia atakuja mwenyewe."

Nami nakiri, sijaona mkono wa binadamu kama ule. Alikaa kwenye chumba cha nyuma cha jumba la makumbusho, picha ya asili kushoto, turubai lake kulia, zote mbili kichwa chini, na nyuzi zimevutwa mbele ya ile ya asili kuigawa miraba. Mraba mmoja asubuhi, mmoja mchana. Kwa shanga moja ya shingoni, ndogo kuliko punje ya dengu, alichanganya rangi nyeupe za aina saba. Mume wake, Mungu amrehemu, alilalamika kwamba mkewe anawatazama wafalme wa watu kuliko anavyomtazama yeye, na wao hata unga hawaleti.

Lakini jina lake halikuandikwa popote. Nakala zilikwenda kwenye kumbi na maofisi, na chini ya kila moja paliandikwa jina la mfalme na la mchoraji wa kwanza, aliyekufa zamani za kale. La shangazi hata nyuma ya fremu halikuwepo. Yeye alisema ndiyo kazi ilivyo. Mimi, mwenye hasira za karibu, niliumia kwa niaba yake.

Mwaka huu mvua zilikuja kwa fujo, paa la jumba likavuja, na maji yakateremka juu ya malkia mkubwa kuliko wote, yule aliyeketi ameshika kitambaa. Uso ulipona. Mikono ilifutika. Picha pekee ya kamera iliyokuwepo ni ya kale, nyeusi na nyeupe, mikono imemezwa na kivuli. Kilichobaki duniani cha kuonyesha mikono ile ni nakala ya shangazi, iliyotundikwa karibu na dari katika ukumbi wa baraza la mji kwa miaka ishirini.

Ikashushwa, ikafungwa blanketi, ikaletwa kwenye chumba kile kile cha nyuma. Tukaitwa. Nilimshika shangazi mkono kwenye ngazi, maana macho yamemwacha. Mwanga anauona, nyuso hazioni.

Mtaalamu wa kutengeneza picha za kale alikuwa binti mmoja wa miwani, mpole, amevaa glavu. Alimpa shangazi kiti kabla ya kusema neno.

"Mama, nikueleze ukweli," alianza. "Wakubwa wangu hawaziamini nakala. Wanasema wanaonakili hupamba. Lakini kwenye picha ya asili kimesalia kitu kidogo, ncha ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, na iko mahali ambapo sikuitegemea. Nakala yako ikikubaliana na ile ncha, nitaifuata mikono yote, na jina lako litaandikwa ukutani chini ya malkia, pamoja na la mchoraji wa kwanza. Isipokubaliana, basi. Mahali pa mikono patabaki patupu."

"Jina langu?" shangazi akauliza, kama msichana aliyeitwa mbele ya darasa.

Mimi nikarudi nyuma hatua moja.

Miaka ishirini iliyopita shangazi aliugua homa siku tatu, akaniachia mikono ya malkia niichore. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, najiona fundi kuliko fundi. Siku mbili nilichora kichwa chini kama nilivyofundishwa. Siku ya tatu, shingo ikiniuma, nikazigeuza picha zote mbili wima, na hapo nikamwona malkia mzima. Kidole chake cha mwisho cha kushoto kilikuwa kimepinda kama ndoana. Nikamwonea huruma. Nikasema mchoraji wa kale aliteleza mkono, malkia gani ana kidole cha namna hii? Nikakinyoosha. Kikapendeza, nikajipongeza, nikazirudisha picha kichwa chini.

Kesho yake shangazi alirudi kazini. Alisimama mbele ya turubai muda mrefu, kisha akanituma kwa muuza mbao nikatafute za fremu. Niliporudi, picha ilikuwa imegeuziwa ukuta ili ikauke, na ikabaki hivyo mpaka ikafungwa na kupelekwa. Miezi ilipita ndipo nikaletewa picha ya mjukuu wa malkia yule, naye kidole kile kile kimepinda vile vile. Ukoo mzima! Tangu siku hiyo sikukanyaga ukumbi wa baraza.

"Hii mikono uliichora mwenyewe, mama?" mtaalamu akauliza, ameshika pembe ya blanketi.

"Muulize huyu mwanangu. Siku hizi macho yangu ni yeye."

Ningeweza kusema ndiyo, halafu kidole kisipolingana tukalaumu vumbi la ukumbi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya miaka ishirini, na ilikuwa imefika mwisho.

"Mikono niliichora mimi," nikasema. "Na hicho kidole nilikinyoosha kwa makusudi. Shangazi hana kosa lolote. Kazitazame zile nyingine kumi na saba, hutakuta hata unywele mmoja wa kubuni. Msimnyime jina kwa upumbavu wangu mimi."

Nililia, wala sioni haya kusema.

Shangazi hakushtuka. "Fungua picha kwanza, mwanangu," alimwambia mtaalamu. "Maneno hayakimbii."

Blanketi likaanguka. Mimi nilitazama sakafu. Nikasikia binti akikunjua karatasi nyembamba inayoonyesha kilicho chini yake, ile aliyotia alama mahali ilipo ncha, na kuilaza taratibu juu ya nakala. Kisha akasema, "Dada, njoo uone."

Kidole kilikuwa kimepinda. Kimepinda kama ndoana, na alama ya mtaalamu imekaa sawasawa juu ya ukucha wake. Nilipoinama karibu nikaona kwamba pale rangi ni nene kidogo kuliko pengine, imepakwa juu ya nyingine.

"Ulijua," nikamwambia shangazi.

"Nilikiona asubuhi ile ile, homa haijaisha mwilini. Tena ulikuwa umekichora vizuri. Iliniuma kukifunika."

"Sasa mbona hukuniambia? Miaka ishirini, shangazi!"

"Ningekuambia, ungesema samahani, kesho ungesahau. Nilitaka uniambie wewe." Akacheka mpaka akakohoa. "Nikaanza kuogopa nitazikwa kabla hujafungua mdomo."

Nilitaka kumkasirikia, ikashindikana. Nilipiga magoti nikaushika ule mkono wake wenye madoa ya rangi yasiyotoka tena, nikaubusu.

Mtaalamu alivua glavu, akatoa daftari, akauliza jina liandikweje ukutani. Shangazi akapapasa hewani mpaka akalipata bega langu.

"Andika mawili," alisema. "Kwenye ile mikono, mimi nilichora kidole kimoja tu. Tisa ni vya huyu."