Maji ya Mkono wa Kulia

Mfupa ulishaunga na plasta ilishaondolewa, lakini mkono wa kulia wa fundi cherehani ulibaki umeumuka kama unga uliotiwa hamira. Vidole havikuingia kwenye mkasi. Mwenye duka la ushonaji alimwambia kwa upole kwamba mwisho wa mwezi ukifika hajapona, kiti chake atapewa mwingine. Miaka thelathini amekikalia kiti hicho. Upole haukumsaidia kitu.

Kila Jumatatu alikwenda kwa mtaalamu wa viungo, binti makini wa rika la kitindamimba wake. Binti alikuwa na chombo kirefu chenye mdomo ubavuni. Alikijaza maji mpaka yakafurika mdomoni, akangoja yaache kudondoka, fundi akazamisha mkono taratibu, na maji yaliyomwagika yakakingwa na kupimwa. Mkono wa kushoto ulimwaga mililita mia nne. Wa kulia, mia nne na tisini.

Nyumbani fundi alijipima kwa futi yake ya kupimia nguo, na kila siku mkono ukapungua. Jumatatu ya pili aliingia kliniki kifua mbele. Maji yakasema mia nne themanini na tano. Aliona haya, maana alijua kosa lilikotoka: amezoea kuivuta futi kidogo, kwa ajili ya wateja wasiopenda kuambiwa ukweli wa viuno vyao. Safari hii mteja alikuwa yeye mwenyewe.

Futi akaitupa kabatini. Akatwaa jagi la plastiki na chupa ya maziwa ya mjukuu wake, yenye mistari ya mililita. Mumewe alimtania kwamba sasa ameolewa na jagi. Fundi akachukua kufuli la mlango kulijaribu jagi, akalizamisha mara tatu. Mara tatu maji yaliyomwagika yakaishia mstari ule ule wa chupa. Tangu hapo mzee akawa ndiye mshika chupa. Wakagundua kwamba mkono ukining'inia kutwa, maji huzidi. Ukilazwa juu ya mito na kufanyishwa mazoezi, hupungua. Mito yote ya nyumba ikahamia kwa mama.

Lakini siku nne za mwisho namba iligoma. Na Jumatatu ya mwisho wa mwezi, kliniki, ikawa ile ile: mia nne kumi na mbili. Fundi aliutoa mkono majini.

"Hizo kumi na mbili zimekataa, mwanangu. Nimefanya yote."

Mtaalamu alimpa taulo ajifute. "Mama, nani alikwambia ilingane na ya kushoto? Mkono wa kazi huwa mkubwa kuliko mwenzake, hata kwa mzima. Uvimbe umekwisha. Hizo zilizobaki ni miaka yako thelathini."

Fundi alitoa mkobani mkasi aliotembea nao mwezi mzima umefungwa kitambaa, akatia vidole. Vikaingia. Kwenye pindo la taulo kulikuwa na uzi unaoning'inia, akaukata. Mkono ulimuuma kidogo. Akatafuta uzi mwingine.